Glastonbury 2024 siku kwa siku: nani alipiga laivu kweli na nani alituwashia taa tu

Tangu turudi Glastonbury, lile tamasha kubwa la muziki la Uingereza, watu wamenijaza meseji, vipi Burna Boy wa Nigeria, vipi SZA wa Marekani, eti ni kweli bendi ya Coldplay walimpandisha mtoto wa Fela Kuti, yule gwiji wa Nigeria, na mimi nimechoka kujibu mmoja mmoja kwa voisi kwa hiyo naandika yote hapa kwa mkupuo, kutoka kwenye kidaftari nilichokuwa nacho mfukoni na picha za dada. Tulikwenda watatu: mimi, dada yangu, na mumewe ambaye ni mtu wa Mombasa. Humu nitamwita shemeji, na yeye ndivyo anavyoniita mimi, kwa hiyo msichanganyikiwe.

Tuanze na hela maana najua ndio mnayotaka. Tiketi ilikuwa pauni 355 na juu yake pauni 5 ya kubuku tiketi, kwa pesa ya nyumbani Tanzania ilikuwa kama milioni moja na laki mbili, kabla hujapanda basi na kabla hujala. Ziliuzwa Novemba 2023, ulitanguliza pauni 75 halafu zilizobaki ukamalizia Aprili, hapo ndipo sisi wabeba maboksi, yaani vibarua wa ughaibuni, tulipopata upenyo. Lazima uwe umejisajili mapema na picha yako, tiketi inatoka na sura yako, kwa hiyo habari za kununua kwa mtu mtaani sahau. Kuna tiketi zinazouzwa pamoja na nauli ya basi na hizo hutangulia siku chache kabla ya zile za kawaida, sisi tulipita hapo. Dada alifungua kompyuta mbili na simu tatu.

JUMATANO 26 JUNI

Tumetoka Coventry alfajiri, tukapanda basi la tamasha Birmingham, likashuka kusini na barabara ya M5 mpaka Somerset. Njia nzuri mpaka zile kilomita za mwisho, pale barabara inageuka ya vijijini, vichaka pande zote mbili, basi linatembea kwa kuvizia. Ukitoka na treni kituo chao ni Castle Cary halafu kuna basi la kukuchukua bure mpaka getini.

Kwa wasiojua, Glastonbury haifanyiki Glastonbury mjini. Ni shamba la ng'ombe linaitwa Worthy Farm, kijiji cha Pilton, la mzee Michael Eavis, aliyeanza 1970 kwa kiingilio cha pauni moja na maziwa ya shambani bure. Sasa hivi wanaingia watu zaidi ya laki mbili. Ukifika juu ya kilima ukaona yale mahema yanavyoenda mpaka macho yanashindwa, unanyamaza kwanza.

Foleni ya getini ilituchukua zaidi ya saa nzima, jua kali, maana mwaka huo mvua haikuja kabisa, zile picha za watu wamezama kwenye tope mpaka magotini mwaka huo hazikuwepo, ilikuwa ni vumbi. Tukapata nafasi ya hema karibu na mzee mmoja wa Yorkshire na mkewe, wote wana mvi, wamekuwa wakija tangu ujana wao. Shemeji anahangaika kupigilia vigingi na jiwe, yule mzee akaja na nyundo ya mpira, hakusema kitu, akapigilia vyote, halafu akatuuliza tunakunywa chai na sukari ngapi. Shemeji akasema nne. Mzee akamwangalia, akaweka nne. Kuanzia hapo kila asubuhi chai ilikuwa kwao, na sisi tukawa tunapeleka kashata za dada.

Vya kubeba: maji yapo ya bomba bure kila mahali ila hawauzi chupa za plastiki, hivyo nenda na chupa yako. Pombe unaruhusiwa kuingia nayo ila si kwenye chupa ya kioo. Usiku ni baridi hata kama mchana umeungua, beba sweta la maana. Na vyoo vingi ni vya shimo, vya mabati, havina paa. Wazungu wanavilalamikia sana, sisi tuliosoma bweni tukaingia tukatoka.

ALHAMISI 27 JUNI

Majukwaa makubwa bado yamelala. Tulizunguka tukachoka, tukalala mapema.

IJUMAA 28 JUNI

Mchana tulikuwa Pyramid, lile jukwaa kubwa la umbo la piramidi, kuwaangalia Seventeen, kundi la kwanza la K-pop, muziki wa vijana wa Korea Kusini, kupanda pale. Nilikwenda kwa kudharau, niseme ukweli. Vijana wamejaa jukwaa zima wanacheza kwa mpangilio kama gwaride la Uwanja wa Uhuru, na mashabiki wao ni watu wa adabu ajabu: mabinti wawili wa Kifilipino nyuma yetu walimwona dada ameanza kuwa mwekundu mabegani wakampaka krimu ya jua wenyewe, wakampa na kipepeo cha mkononi cha kujipepea. Shemeji yeye hakushawishika. "Hao wanacheza vizuri, lakini vyombo viko wapi?" Shikeni hilo swali, maana lilitutafuna mpaka Jumatatu.

Ni hivi. Sisi tumekulia kwenye muziki ambao mtu anapanda jukwaani na sidii yake, anashika maiki, wimbo unaimba wenyewe yeye anaruka ruka na kusema "mikono juu". Shemeji kwao amekulia na taarab, vyombo vimekaa mstari, fidla, kanuni, akodiani, na mimi baba alikuwa mtu wa bendi ya Msondo mpaka mwisho, nyumbani Jumapili ilikuwa ni magitaa na tarumbeta. Kwa hiyo mimi na yeye tunapima kwa kipimo kimoja: zima taa, zima skrini, kinabaki nini? Dada anasema hicho kipimo ni cha wazee, mtu amelipa pauni 360 anataka kuona kitu, si kusikia tu.

Sugababes, lile kundi la mabinti wa Uingereza, hatukuwaona. Waliwekwa West Holts, jukwaa la wastani, watu wakamiminika mpaka walinzi wakafunga njia, ukifika unaambiwa rudi. Ukiona jina kubwa limepangwa jukwaa dogo nenda saa nzima kabla, au futa kabisa ukale.

Jioni, kabla ya mwimbaji PJ Harvey, akapanda Pyramid Marina Abramović, yule msanii wa Serbia, amevaa gauni jeupe, akinyoosha mikono linakuwa alama ya amani, akaomba uwanja mzima unyamaze dakika saba. Na watu wakanyamaza! Maelfu kwa maelfu, unasikia bendera zinapiga upepo na muziki wa mbali wa majukwaa mengine. Shemeji akaninong'oneza, "Hata msibani kwetu hatunyamazi hivi." Dada akamfinya.

Usiku tuligawanyika. Dua Lipa, yule mwimbaji wa pop, alikuwa anafunga Pyramid, na wakati huohuo bendi ya Idles walikuwa Other Stage, jukwaa jingine kubwa. Dada hakuwa na mjadala, Dua. Mimi sikuwajua Idles, ila yule mzee wa Yorkshire alisema kama kweli mnapenda watu wanaopiga vyombo njooni na mimi, basi mimi na shemeji tukamfuata. Jamaa wa Bristol, ngoma nzito, magitaa yanakwaruza, mwimbaji anaimba kama anagombana na mtu. Si muziki wangu. Lakini ni laivu isiyo na shaka, hata wakikosea unasikia, na wale walio mbele wanarukiana vifuani halafu mmoja akianguka kumi wanamwinua.

Wana wimbo mmoja wa kusifu wahamiaji, wameupa jina la rafiki yao kutoka Ukraine. Katikati ya ule wimbo likatokea boti la mpira, la upepo, kama yale wanayovukia bahari wahamiaji, limebeba masanamu ya watu wamevaa maboya, linapita juu ya vichwa vya watu, mkono kwa mkono. Likaja upande wetu. Nililishika kwa chini, mpira wenyewe ulikuwa baridi na mwepesi, na yale masanamu yametazama mbele yote. Wazungu wanashangilia, wanajua ni sehemu ya shoo. Shemeji hakushangilia, aliinua mikono tu akalisukuma lipite, halafu akakaa kimya wimbo mzima uliofuata, ana watu wake waliopita njia ile ya boti. Baadaye ndio ikajulikana lilikuwa la Banksy, yule mchoraji wa kuta wa Uingereza anayeficha sura yake, na bendi wenyewe hawakuwa na habari. Waziri wa mambo ya ndani wa Uingereza wa wakati huo akalilaani. Mimi mpaka leo sijaamua kama nililipenda.

Tulipokutana hemani dada alikuwa hana sauti. Kwa mujibu wake Dua Lipa aliimba mwenyewe, alicheza bila kuhema, akamleta na Kevin Parker wa Tame Impala, mwanamuziki wa Australia, na sisi tulikwenda kupigiwa makelele na vibabu. Haya.

JUMAMOSI 29 JUNI

Hii ndiyo siku.

Hemani huwezi kulala kupita saa mbili asubuhi, jua likipiga unaiva. Chai kwa wazee, halafu saa sita mchana tuko Pyramid kumsubiri Femi Kuti, ndiye huyo mtoto wa Fela. Saa sita mchana jamani! Nusu ya watu wamelala kwenye nyasi na hangova ya jana, kofia usoni. Akapanda na bendi yake, Positive Force, tarumbeta zimepangwa, wacheza show wa kike, magitaa mawili matatu yanazunguka kitu kimoja hichohicho dakika baada ya dakika, na nikaona kitu ambacho nitakisimulia mpaka nizeeke: wale waliolala wakaanza kuamka mmoja mmoja. Kwanza mguu unatikisika. Halafu anakaa. Halafu anasimama anauliza jirani huyu ni nani. Mpaka nusu ya shoo hakuna aliyelala. Hakukuwa na taa, jua lote lile utawasha taa gani, hakukuwa na fataki, kulikuwa na pumzi ya watu tu. Huyu ndiye mwaka 2017 alishikilia noti moja ya saksafoni dakika 51 na sekunde 38, mapafu si ya kawaida. Baba yake alipiga hapohapo shambani mwaka 1984, ni miaka 40, na mzee wa Yorkshire anasema alikuwepo, alikuwa kijana, na kwamba usiku ule alidhani wimbo wa kwanza hautaisha.

Shemeji alikuwa amefunga macho. "Shemeji," akaniambia, "hawa ndio wanaojua kazi."

Ayra Starr naye alipanda jukwaa lilelile mchana. Binti mdogo, ana sauti ya chini tamu kuliko inavyosikika kwenye simu, na mabinti wa Kinaija wa London walimwitikia kila neno. Dada anasema kwake huyu ndiye mshindi wa mchana. Mimi nasema aliyepanga muda wake amembania, alipoanza kukolea ndio akaaga.

Chakula. Watu wengi wanatisha kuhusu bei, na kweli mwaka huo sahani ya kawaida ilifika pauni 12, 13. Ila vibanda vingi vilikuwa na chakula kimoja cha pauni 6, ulikuwa unauliza tu, wakati mwingine kiliandikwa pembeni kwa maandishi madogo. Shemeji kwa sababu ya halali aliishi kwa falafeli, chipsi na samaki. Usiku kuna hema la Hare Krishna, watu wa madhehebu ya Kihindu, wanagawa chakula bure, wali na dengu, foleni ndefu lakini inakwenda, na hakuna anayekuhubiria. Kwa wanaoswali: majira haya jua linazama karibu saa tatu na nusu usiku, kwa hiyo Magharibi inakukuta katikati ya shoo kubwa. Shemeji alikuwa anarudi nyuma kwenye uzio, mzee mmoja wa ulinzi akamwonyesha kona tulivu na akawa anamsimamia viatu.

Jioni Michael Kiwanuka. Jina la Kiganda kabisa, wazazi wake walikimbia Uganda ya Amin, yeye kazaliwa London. Pembeni yetu alikuwepo mama mmoja wa Kampala na mabinti zake, wamebeba bendera ya nyeusi njano nyekundu, na kopo la mandazi. Mandazi! Yule mama aliposikia tunaongea Kiswahili akafungua kopo bila kuuliza. Kiwanuka haruki, haongei sana, anasimama na gitaa lake, wimbo unaanza polepole kama hautafika popote halafu unajikuta umefika. Yule mama alilia kimyakimya, mabinti zake wakawa wanamcheka, yeye akawa anasema "hamjui, hamjui nyie." Kuna vijana mbele yetu waliondoka wakisema anapooza watu. Wakaenda na uzima wao. Kwangu huyu ni wa pili wa wikiendi nzima.

Little Simz baada yake, mwanamke mmoja na maiki, wazazi Wanigeria, na lile boti likapita tena. Hapa hata shemeji alikubali kwamba rapa naye anaweza kuwa chombo.

Halafu Coldplay. Hii ilikuwa mara yao ya tano kufunga usiku Glastonbury, hakuna aliyewahi kufikia. Unapewa bangili, muziki ukianza zile bangili zinawaka zenyewe, uwanja mzima unageuka njano, unageuka bluu, kilima kizima kinapumua rangi. Fataki. Makaratasi ya rangi. Dada analia, watu wazima wanakumbatiana. Akaletwa Michael J. Fox, yule muigizaji mwenye ugonjwa wa Parkinson, kakaa kwenye kiti chake cha magurudumu na gitaa, na hapo hata mimi koo lilikaba.

Shemeji: "Ni shoo nzuri ya taa."
Dada: "Kwa hiyo hujafurahi?"
Shemeji: "Nimefurahi. Nasema ni ya taa."

Mabishano hayo yalianza kabla ya Fox, yakakoma alipoingia Femi Kuti. Walimwita kwa wimbo aliorekodi nao 2019, na zile tarumbeta zilipoingia shemeji alinishika bega akanitikisa, haikuwa lazima aseme neno. Mtu yuleyule aliyepiga saa sita mchana kwa watu waliolala sasa yuko mbele ya uwanja uliojaa mpaka juu, na watu wanaulizana tena huyu ni nani. Mimi roho iliniuma. Mlikuwa wapi mchana?

Kutoka Pyramid baada ya shoo kubwa ni kazi, watu wote wanaelekea njia moja gizani. Msikimbilie. Kaeni chini nusu saa, kuleni, wenye haraka wapite.

JUMAPILI 30 JUNI

Shania Twain, yule mwimbaji wa country wa Kanada, alichukua ile nafasi ya magwiji ya alasiri, nusu ya uwanja wamevaa kofia za kichunga ng'ombe, mkewe mzee wa Yorkshire akiwemo, alituazima moja. Sauti si ile ya zamani, na mashabiki wake walisema hivyo wenyewe, lakini hakuna aliyejali, walimwimbia wao.

Sasa baada yake England anacheza na Slovakia kombe la Ulaya, na waandaaji walikataa kuonyesha mechi kwenye skrini. Basi tunasubiri Burna Boy huku kila kundi la watu limeinamia simu moja. England kafungwa moja, dakika zimeisha, watu wameshakata tamaa, dakika ya 95 Bellingham akajipinda hewani. Kelele ile haikushuka sehemu moja, ilikuja kwa mawimbi, kwa sababu simu za watu zilikuwa zinachelewa tofauti tofauti. Mtaa wa kulia umeshashangilia, wa kushoto bado wamenuna. Muda wa ziada ukaanza tu Kane akamaliza, mbili moja.

Kwa hiyo Burna aliwakuta watu wameshapandwa na mzuka. Jua la jioni, bendera za kijani na nyeupe, na Waafrika wote wa shambani sijui walikuwa wamejificha wapi siku zote maana ghafla kila upande nasikia pijini, Kifaransa cha Kongo, na kijana mmoja wa Tanga anayeishi Leeds. Mnayeuliza Burna ni laivu au si laivu: ni laivu. Ana bendi nzima na anaiacha ipumue. Shemeji alilalamika anaongea sana katikati ya nyimbo, dada akasema ndio raha yenyewe. Watu weupe waliotuzunguka walijua kuimba ile ya kuachwa na mpenzi mwanzo mwisho, na kijana wa Tanga akasema angalau leo hajalazimika kumweleza mtu anatoka wapi.

SZA ndiye aliyefunga, na hapa mashabiki wamegombana mpaka leo. Watu walikuwa wachache kwa mtu anayefunga Pyramid, hilo ni kweli, unatembea mpaka mbele bila kusukumana. Wengi walikuwa wameshaondoka kuwahi kazi za Jumatatu, wengine kwa The National, wengine Justice, makundi yaliyokuwa majukwaa mengine. Na nyimbo za mwanzo sauti ya maiki ilikuwa imeziba, haisikiki vizuri, huyo ni mtu wa mitambo si yeye. Kuna waliosema kaharibu. Mimi nilibaki, na ilipokaa sawa nilimsikia mtu anayeimba kweli, juu ya mdudu mkubwa wa kutengeneza, na upanga mkononi, sielewi kwa nini. Waliotoka wimbo wa tatu wasituhadithie wimbo wa kumi.

JUMATATU 1 JULAI

Foleni ya mabasi ni ndefu, nenda mapema kabla jua halijapanda. Mzee wa Yorkshire alimwachia shemeji ile nyundo ya mpira. Shemeji akataka kumlipa, mzee akakataa, akapokea kashata zilizobaki na kopo lake.

Ndani ya basi tulijaribu kupiga kura ya nani bora. Mimi Femi, saa sita mchana, sina wa kunibadilisha. Shemeji naye Femi ila anataka ihesabiwe ile ya usiku. Dada Coldplay, na akasema kura yake inahesabiwa mara mbili kwa sababu tiketi alizipata yeye. Kijana wa Tanga tulipanda naye mpaka Birmingham, akasema Burna, na akalala kabla hatujamuuliza sababu.

Jumla, mtu mmoja, tiketi, nauli ya basi, chakula na vikorokoro vyote, haikupungua pauni 550, na hapo tulibania. Shemeji ameapa mwakani haendi hata wamlipe. Dada ameshamwandikia mwajiri kuomba likizo ya mwisho wa Juni, ya watu wawili.